TAHADHARI wana Kigoma: hizi wolpepa za matofali za mtandaoni, ulizeni SAIZI kabla hamjatuma hela

Habarini ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira mnivumilie. Nimepanga chumba na sebule huku Gungu, kuta tupu kabisa, na rangi yenyewe ni chokaa ya mama mwenye nyumba, ukiegemea kidogo tu blauzi inageuka nyeupe. Nikaona ukurasa mmoja huko Insta wanauza zile wolpepa za sponji zenye mchoro wa matofali, unabandua karatasi ya nyuma unabandika mwenyewe bila fundi, wanasema wapo Kariakoo na mikoani wanatuma, pisi moja 5,000. Nikapima ukuta wa nyuma ya TV, mita 3 kwa 2.4, nikamtumia vipimo, fasta akajibu "mpendwa hapo pisi 14 zinatosha kabisa". Nikatuma 70,000 na 10,000 ya basi.

Sasa sikilizeni, hesabu yake ilikuwa sahihi na hapo ndipo nilipoliwa. Saizi iliyozoeleka ya hizi vitu ni sentimita 70 kwa 77, na kweli 14 zinamaliza ukuta kama wangu. Mzigo umekaa siku nne, nimeenda kuuchukua stendi ya Masanga napewa kiboksi cha kubeba kwapani, moyo paa. Kufungua, 35 kwa 38. Mtu atasema basi ni nusu, si nusu jamani ni ROBO, maana kakata urefu nusu na upana nusu, hivyo vinne ndio vinatengeneza kimoja, ukuta ule ungekula zaidi ya pisi 50! Nampigia ananiambia "dada wewe uliuliza pisi hukuuliza saizi". Nikamwambia vipimo vya ukuta nilikupa mimi, hiyo 14 umeitaja wewe. Kimya. Jioni kaniblok.

Nikasema liwalo na liwe nibandike hivyo hivyo vichache, si alisema zinashika ukuta wowote. Saa nane usiku nasikia kitu kimeanguka pwaa nikajua mwizi, kumbe pisi tatu ziko chini, nyuma zimebeba chokaa kama zimepakwa unga wa muhogo. Gundi ilishika vizuri tu, ila ilishika chokaa, na chokaa ndiyo haikushika ukuta. Hizi zinataka ukuta mkavu wenye rangi ya mafuta, na nyumba zetu nyingi za kupanga mnazijua zilivyo.

Jina la ukurasa siliweki, ameshalibadili mara mbili tangu nianze kumfuatilia, ukilikariri leo kesho halipo. Angalieni hivi, komenti kazifunga, na lipa namba inaleta jina la mtu tofauti kabisa na la duka. Halafu mdogo wangu ambaye ni fundi umeme kaangalia zile picha za kwenye ukurasa wao sekunde mbili tu akacheka, "dada ona soketi", kumbe soketi ya ukutani ni ile ya matundu mawili ya duara, si hii yetu ya matundu matatu. Picha za nyumba za watu huko ng'ambo, muuzaji anasema ni kazi yake ya wiki iliyopita Mbezi! Kabla ya kulipa mwambieni aweke rula juu ya pisi apige video, akianza "mpendwa niamini" kimbia.

Na bado, siku mbili baadaye ikaingia meseji eti ni meneja wao, atanirudishia hela yote ila nitume kwanza 8,000 ya kufungulia muamala. Hiyo nikaisukuma 15040, ile namba ya TCRA ya kuripoti matapeli, sikumjibu.

Kwa sasa nyuma ya TV kuna kitenge, nimenunua kipande Mwanga, seremala wa jirani kanipa mabaki ya mbao nikatengeneza fremu tatu, nimekivuta nikakikaza kwa pini za stepla, vyote havijafika 20,000 na wageni wanauliza nimetoa wapi. Ila ukuta wa dirishani bado uko wazi, kama kuna anayejua duka hapa mjini au Ujiji wanauza hizo wolpepa mtu unaishika kwa mkono wako ndio unalipa, naomba anielekeze.