Kadi ya waifai haikuwa imekufa

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kuandika, nikidhani hasira itashuka. Haijashuka. Kila nikifungua droo nikaiona ile adapta, kijidude cha USB cha kunasa waifai, shilingi 45,000 zangu, moyo unawaka upya.

Nieleze kazi yangu kwanza ili muelewe kwa nini. Natunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, pale Kirumba: magunia yaliyoingia, yaliyotoka, nani kalipa, nani anadaiwa. Natumia kompyuta mpakato ya mtumba yenye Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, kwa sababu ni nyepesi, haina leseni ya kulipia, na LibreOffice, programu yake ya majedwali, inanitosha kabisa. Karibu kila jioni natuma majedwali kwa wenye mali. Wengine wako safarini Kongo, wanayasubiri ndipo wapatane bei. Nikichelewa mimi, mwenzangu huko anauza kwa kubahatisha.

Basi waifai ikaanza kukata. Unaona ile alama pembeni inazunguka, mara inaomba nywila upya, inarudi, baada ya dakika chache inakata tena. Simu yangu iko hapohapo, ruta ileile, haikati hata kidogo. Kuna siku inatulia tangu asubuhi mpaka nasema imepona, halafu jioni majedwali yakiwa nusu yamepanda inakata mara nne. Mama mmoja mwenye mzigo akanipigia: "Mwanangu, kama kazi imekushinda si useme tu?" Nililia siku hiyo, sifichi.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Duka silitaji. Akaichomeka kwenye umeme, akafungua video, ikacheza bila kusita.

"Dada, mbona nzima hii?"

Nikamwambia nyumbani inakata. Akauliza nakaa wapi. Mabatini, juu kule mlimani. Akacheka. "Mawe hayo, dada'angu. Mwanza yote mawe, mtandao utapita wapi?" Nikamjibu kwamba ruta iko chumba kimoja na mimi, na kati yetu hakuna jiwe lolote, kuna kochi tu. Hapo akabadilika sura. Akaona neno Mint kwenye kioo, akawageukia wateja waliokuwa wamejaa: "Mnaona mambo ya kupenda vya bure? Wenzake wanatumia Windows wanalala usingizi." Watu wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na pale nilikuwa mteja anayelipa.

Ikakaa kwake siku mbili. Hukumu: kadi ya waifai, kile kifaa cha ndani kinachonasa mtandao, imekufa, adapta ya USB 45,000, ufundi 15,000. Nikalipa. Sikubishana, kwa sababu nilitaka kazi iende.

Jioni ileile, nimekaa kwenye kochi, adapta mpya ikakata.

Mwenye tatizo kama langu asome hapa taratibu. Kadi ya ndani ni kifaa kingine, adapta ni kifaa kingine, kila kimoja na chipu yake. Ni vigumu sana vyote viwili kuumwa ugonjwa mmoja ndani ya wiki moja. Kama simu inadumu kwenye ruta hiyohiyo, basi kosa haliko kwenye ruta, na haliko kwenye kadi. Liko kwenye maelekezo ambayo kompyuta inazipa kadi zake. Hilo lilikuwa mbele ya macho ya fundi tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilimwambia kuhusu simu kabla hata hajafungua skrubu.

Mimi nililijua siku umeme ulipokatika. Ruta yangu ina betri yake ndogo, haikuzimika, na simu ikaendelea kama kawaida. Kompyuta ilipohamia kwenye betri, haukupita muda waifai ikaanza vituko vyake. Umeme ukarudi, ikatulia. Nikachomoa chaja kwa mkono: ikakata. Nikachomeka: ikatulia. Nikarudia mpaka nikaridhika. Asubuhi nafanyia kazi mezani, karibu na soketi. Jioni nahamia kwenye kochi na chaja haifiki. Na dukani ilichomekwa muda wote wa siku zile mbili.

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Amri ya iw dev ikanipa jina la kadi, kwangu ni wlp3s0. Kisha nikaandika iw dev wlp3s0 get power_save. Chaja ikiwa ndani, jibu lilikuwa "Power save: off". Nikaichomoa, nikauliza tena: "Power save: on". Nikapima na ping, amri inayopima jibu linachukua muda gani kurudi, kwenda kwenye ruta yenyewe, 192.168.1.1: kwa chaja, milisekunde 2 au 3, bila chaja 200, 400, kisha kimya. Na dmesg, kumbukumbu za mfumo, ilikuwa imejaa mstari uleule wa "Connection to AP", mwisho wake "lost", yaani muunganiko na ruta umepotea.

Hiyo power save, yaani kubana umeme, maana yake kadi inalala vipande vipande. Ruta kwa kawaida hutoa ishara yake takriban mara 10 kwa sekunde, na kadi inatakiwa iamke isikilize kama kuna mzigo wake umewekwa. Kadi nyingi huamka vizuri. Nyingine hupitiliza usingizi, zikakosa ishara kadhaa mfululizo, na kompyuta ikaamua kwamba ruta imeondoka. Ruta iko palepale dirishani.

Aliyewasha usingizi huo ni programu inayoitwa TLP, ya kubania betri. Ikiwekwa bila kuguswa, huzima ubanaji wa waifai kwenye umeme na kuuwasha kwenye betri. Na TLP hii sikuiweka mimi. Aliiweka fundi yuleyule, miezi kadhaa nyuma, nilipolalamika betri haikai, akanitoza 10,000. Mikono yake iliyoweka ndiyo iliyokuja kuniuzia dawa ya alichokiweka! Nilipolijua hilo nilisimama, nikazunguka chumba kizima.

Dawa yenyewe ni mstari mmoja. Fungua faili la /etc/tlp.conf kwa sudo, yaani kwa ruhusa ya msimamizi, tafuta WIFI_PWR_ON_BAT, ondoa alama ya # mwanzoni, andika off badala ya on, hifadhi, kisha sudo tlp start. Kama huna TLP, angalia faili la default-wifi-powersave-on.conf ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d: namba 3 ni kuwasha, 2 ni kuzima, badilisha, kisha washa upya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Nimechomoa adapta, natumia kadi ileile iliyoitwa maiti, kwenye kochi lilelile. Wiki kadhaa sasa haijakata hata mara moja.

Nilitaka kuipa Linux alama 5 kwa 5. Halafu nikakumbuka yule mama wa dagaa, nikasema hapana, 3. Mtu wa kawaida atajuaje? Kioo hakikuniambia neno lolote kuhusu kubana umeme. Lakini jibu lilikuwemo humohumo, kwenye faili ninaloweza kulifungua na kulibadilisha kwa mkono wangu bila kumwomba mtu. 4, na sishuki hapo.

Fundi ndiye ananitatiza. Nilirudi na kompyuta, nikaichomoa chaja mbele yake, nikamwonyesha. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Lakini betri si inakaa, dada?" Na kweli inakaa, hilo siwezi kumnyima, ilikuwa saa moja, sasa inakaribia tatu, hata baada ya kuzima ule ubanaji wa waifai. Bawaba ya kioo aliyoitengeneza mwaka jana imeshika mpaka leo. Nilikuwa nimeshaandika kwamba hafai, nikafuta. Mikono yake inafaa. Ila alinidhalilisha mbele za watu kwa kosa ambalo si langu, na fedha ya adapta amekataa kurudisha, eti pakiti imefunguliwa, wakati aliyeifungua ni yeye.

Natoka, kijana wake mmoja anayejifunza kazi akanifuata mpaka barabarani. Akaniomba, "Samahani dada, ule mstari unaandikwaje?" Nilimwandikia kwenye daftari lake, nikaweka alama chini ya neno off, na juu yake nikamwandikia aanze kwa kuchomoa chaja.