Kliniki ya kifafa mjini Malindi: maswali mazuri, ripoti ya kutia shaka

Kliniki ninayoiandikia tathmini hii ni ya binafsi, ipo mjini Malindi, na hutoa huduma mbili ambazo hutangazwa kwa pamoja: uchunguzi wa mtu mwenye kifafa au anayeshukiwa kuwa nacho, na kipimo cha umeme wa ubongo ambacho wengi hukijua kwa herufi zake tu, EEG. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kuwafurahisha wenyewe, na mpwa wangu angali anatibiwa kwao. Hukumu yangu ni kwamba tangazo lao limetanguliza mashine, ilhali kilichotufaa zaidi ni maswali ya tabibu, na kilichotutatiza zaidi ni karatasi iliyotokana na mashine hiyo.

Mgonjwa ni binti wa dadangu, msichana wa miaka 15, ambaye alianguka alfajiri moja baada ya kukesha harusini. Alikakamaa, akatupa mikono na miguu, akajing'ata ulimi. Kabla ya kufika kliniki hii alikuwa amepelekwa mahali pengine akapewa kabamazepini, dawa ya kifafa iliyozoeleka sana, bila kuulizwa mengi. Hakuanguka tena kwa muda, nasi tukadhani mambo yametengenea.

Mahojiano ya kwanza yalichukua muda mrefu kuliko nilivyopata kuona kwa daktari yeyote katika mji huu. Kabla ya kumgusa mgonjwa, tabibu aliuliza ni nani aliyemwona akianguka, na alipoambiwa kuwa ni binamu yake, aliomba apigiwe simu papo hapo. Alitaka kujua kama macho yalikuwa wazi au yamefumba, kama kichwa kiligeukia upande mmoja, ni mkono upi ulioanza, na alipozinduka alichukua muda gani kabla ya kumtambua mtu. Kisha akamgeukia msichana mwenyewe, ambaye hadi hapo alikuwa amezungumziwa tu na wakubwa, akamuuliza: "Asubuhi ukiamka, vitu hukuponyoka mkononi?" Dadangu ndiye aliyejibu kwanza, tena kwa kicheko: "Huyu, Daktari? Huyu amenimalizia vikombe vya chai." Tabibu aliweka kalamu chini, akamwomba msichana aonyeshe mkono unavyofanya. Aliurusha mkono wa kulia kwa ghafla, mara mbili, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nyumbani alikuwa amekemewa kwa uzembe karibu mwaka mzima.

Swali hilo moja ndilo lililobadilisha matibabu. Ipo aina ya kifafa inayoanza katika umri wa kubalehe, ambayo dalili yake kuu ni mikono kushtuka muda mfupi baada ya kuamka, na ambayo hukolezwa na kukosa usingizi. Mjerumani Dieter Janz na mwenzake waliieleza kwa kina mwaka 1957, na tangu hapo imejulikana vizuri kiasi kwamba mtu aliyefundishwa anaweza kuitambua kwa kusikiliza tu. Imejulikana pia kwamba kabamazepini, ambayo huwafaa sana wagonjwa wengine, inaweza kuzidisha ile mishtuko ya mikono. Tulipokumbushana nyuma, ni kweli kwamba vikombe vilizidi kuvunjika baada ya vidonge kuanza, ila hakuna aliyekuwa amelihusisha jambo hili na lile.

Maswali yaliyofuata yalihusu uzazi wake, malaria kali ya utotoni, degedege, kuumia kichwa, na jamaa wenye kifafa. Hayo hayakutoka hewani. Kilifi, mwendo wa matatu kutoka hapa, ni mojawapo ya mahali palipofanyiwa utafiti mwingi wa kifafa barani Afrika, kupitia mpango wa pamoja wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, ulioanza mwaka 1989. Uchunguzi mkubwa wa vituo vitano, yaani Kilifi, Ifakara ya Tanzania, Iganga na Mayuge za Uganda, Kintampo ya Ghana na Agincourt ya Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba Kilifi ina watu 7.8 wenye kifafa cha kuanguka katika kila watu 1,000, na Ifakara watu 14.8. Kwa watoto, matatizo ya wakati wa kuzaliwa na majeraha ya kichwa yalijitokeza miongoni mwa mambo yanayohusiana na ugonjwa huo. Ikumbukwe kwamba uchunguzi ule uliwatafuta wanaoanguka na kutupa viungo. Msichana wa kuvunja vikombe, kabla ya usiku wa harusi, asingehesabiwa.

Kuhusu malaria, tabibu alitaka kujua kama mtoto aliwahi kuzimia kwa homa, na dadangu akauliza kwa nini wakati ule hawakumpa dawa kali ya kuzuia degedege mapema. Jibu lilikuwa fupi, nami naliongezea hapa kwa kuwa linawahusu wazazi wengi. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kilifi kwa watoto 340 wenye malaria iliyopanda kichwani: nusu walipewa sindano moja ya fenobabito, dawa ya kifafa inayozuia degedege, nusu hawakupewa. Degedege ilipungua sana kwa waliopewa, kutoka asilimia 27 hadi 11, lakini waliofariki miongoni mwao walikuwa asilimia 18, na kwa wasiopewa asilimia 8. Nijuavyo mimi, hakuna utafiti wa pwani hii unaoonyesha waziwazi zaidi kwa nini dawa ya kifafa haifai kuongezwa kwa sababu tu jamaa wana hofu, na tabibu huyu huonekana ameuelewa, kwani hakuwa mwepesi wa kuandika.

Jambo jingine la kumsifu ni namna alivyoulizia tiba za nyumbani. Dadangu alisitasita, mwishowe akakiri kwamba bibi yake mtoto humwandalia kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Wako waganga wa hospitali ambao hapo ndipo mahubiri yangeanza. Huyu alisema tu, "Kombe na anywe, Mama, ila vidonge visiachwe hata siku moja," akaliandika hilo pia katika faili.

Sasa mashine. Kipimo hiki hunasa umeme hafifu wa ubongo kupitia elektrodi zinazobandikwa kichwani kwa mpangilio uliokubaliwa kimataifa. Mtu wa kwanza kuunasa kwa binadamu alikuwa Hans Berger, mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na alichapisha matokeo yake mwaka 1929. Hakiumi na hakipitishi umeme kwa mgonjwa, jambo ambalo kliniki ingefaa kulieleza tangu mwanzo, kwa sababu mpwa wangu aliamini kwamba atapigwa shoti. Chumba chao ni kizuri. Kina kiyoyozi kinachofanya kazi, na katika joto la Malindi hiyo si anasa, kwa kuwa jasho la kichwani huharibu mawimbi yanayorekodiwa. Mpimaji ni mwanamke, mlango hufungwa kwa ndani, na msichana aliweza kuvua hijabu yake bila wasiwasi. Nilipouliza mlangoni kama naweza kuingia, mpimaji alimuuliza msichana kwanza, naye akasema abaki na mama yake.

Kasoro ilikuwa nywele. Aliyetupa miadi kwa simu alisema tu kwamba mtoto alale saa chache usiku wa kuamkia kipimo, ushauri ambao ni sahihi, kwani uchovu husaidia kuyafichua mawimbi ya kifafa. Hakusema kwamba nywele zisisukwe wala zisipakwe mafuta. Mtoto wa kike wa huku kichwa chake ni mafuta ya nazi na mikia iliyosukwa, na elektrodi hazishiki hapo. Tulirudishwa nyumbani kufumua na kuosha, na mtoto aliyekuwa amekeshwa ikabidi akeshwe upya. Kwa familia iliyotoka Lamu kwa basi, kosa hilo lingekuwa gharama ya malazi na nauli mara mbili.

Kipimo chenyewe kilikwenda vizuri: alipumua kwa nguvu kwa dakika kadhaa, akamulikwa taa ya kumetameta, akaachwa asinzie. Rekodi hutumwa kwa mtaalamu wa mji mwingine, ambaye huisoma na kurudisha ripoti. Utaratibu huo siulaumu hata kidogo, maana wasomaji wa vipimo hivi ni wachache nchini, na bora mawimbi yasafiri kuliko mgonjwa. Ninacholaumu ni kilichoandikwa. Ripoti ilikabidhiwa mapokezi, ndani ya bahasha, mwishoni mwa juma, tabibu akiwa hayupo, na mstari wake wa mwisho ulisema kwamba kipimo ni cha kawaida na kwamba hakuna kifafa.

Sehemu ya kwanza ya mstari huo yaweza kuwa kweli. Ya pili haiwezi kutokana na ile ya kwanza. Takriban nusu ya watu wenye kifafa hutoa kipimo cha kawaida wanapopimwa mara moja, kwa sababu mashine huona tu kinachotokea katika dakika zile chache za kurekodi. Wapo pia watu wachache, hasa watoto, ambao mawimbi yao yana dosari na hawajapata kuanguka hata siku moja. Kipimo hiki husaidia kutambua aina ya kifafa na kuimarisha ushahidi uliopo. Hukumu hutolewa na historia ya mgonjwa. Lakini jaribu kumweleza hayo nyanya aliyesomewa kwamba mjukuu wake hana kifafa. Jioni ile nyumbani kulipikwa pilau, na rai ya wengi ilikuwa vidonge vitupwe.

Nilimpigia tabibu simu, naye, niseme kwa haki, aliipokea ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. "Asiachishwe dawa, Mjomba," alisema. "Hiyo karatasi imesema mambo isiyoyajua." Hatari aliyoihofia ni ya kweli. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye kifafa cha kuanguka hufariki kwa kiwango cha mara 6.5 kuliko watu wengine wa eneo hilo, na kutotumia dawa ipasavyo kulihusishwa na vifo hivyo. Kuu miongoni mwa sababu zilizotokana na kifafa chenyewe ni ule mshtuko usiokatika. Kuacha dawa ghafla ni mojawapo ya njia za kuuita. Kliniki inayojua haya haina udhuru wa kutoa ripoti mapokezi bila mtu wa kuifafanua. Nimewaambia kwa maandishi, wakajibu kwa adabu, na sijaona mabadiliko.

Katika kuchagua dawa tulirudi kwenye mikono salama. Kwa aina hii ya kifafa, valproeti ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ina madhara makubwa: karibu mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiimeza huzaliwa na kasoro za mwili, na wengi zaidi hupata shida za kujifunza. Tabibu alilieleza hilo mbele ya msichana. Dadangu aliona haya: "Huyu ni mwanafunzi, Daktari." Akajibiwa, "Najua, Mama, lakini dawa hizi humezwa kwa miaka, naye atakua." Akaandikiwa levetirasetamu, tukaonywa kwamba inaweza kuleta hasira za ghafla, na kabamazepini ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikaisha. Vikombe sasa vinadumu.

Tatizo ni kwamba duka la dawa la kliniki lilikuwa na vidonge vya siku chache tu, na vilivyobaki tuliviagiza Mombasa. Mwaka 2012 watafiti wa Kilifi, wakipima damu badala ya kutegemea maneno ya wagonjwa, walikuta kwamba asilimia 62.4 ya wenye kifafa cha kuanguka hawakuwa wakipata matibabu ipasavyo, na miongoni mwa mambo yaliyohusiana na hali hiyo ni kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya na kulipia dawa kutoka mfukoni. Jaribio jingine la huko huko, la mwaka 2014, lilionyesha kwamba mafunzo yalibadilisha imani za watu kuhusu kifafa, ila hayakuonekana kubadilisha umezaji wa dawa. Kliniki hii ina vijitabu vizuri sana, na bango ukutani linalokataza kumtia mgonjwa kijiko mdomoni na kuagiza alazwe ubavu, akimbizwe hospitali mshtuko usipokatika baada ya dakika 5. Ningefurahi zaidi kama fedha ya bango lijalo ingenunua shehena ya vidonge.

Bei zimeandikwa wazi na hulipwa kwa M-Pesa. Ya kipimo huzidi ya mahojiano mara kadhaa. Anayekwenda na apeleke mtu aliyeshuhudia mshtuko, au video ya simu, na nywele zilizooshwa bila mafuta, na ripoti aikatae mpaka atakapoisomewa na tabibu. Mahojiano yanaweza kuombwa peke yake, bila kipimo, ingawa mapokezi hawalisemi hilo mpaka waulizwe.