Miezi minane na ZFS: bekapu ya studio yangu Kirumba

Napiga na kuhariri video za harusi na sendofu hapa Kirumba, Mwanza. Kazi zote zimo kwenye kompyuta moja ya Ubuntu (mfumo endeshi, kama ilivyo Windows), zinakaribia terabaiti 3, na kila Jumatatu jioni nachomeka eksteno (diski ya nje) ya bekapu kisha naipeleka kulala kwa dada, Buswelu.

Zamani nilitumia rsync. Ni programu nzuri ya kunakili faili na bado naiheshimu, ila lazima ipitie faili moja moja, itazame ukubwa na tarehe, ndipo ijue nini kimebadilika. Siku moja nilibadili jina la folda, "Ukerewe" ikawa "Harusi ya Nansio". Haikuongezeka hata picha moja. rsync ikaiona folda ngeni, ikaanza kunakili upya GB 210! Nikakaa zaidi ya nusu saa naitazama, na giza limeshaingia.

ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski ninaoutumia sasa, haihangaiki kutafuta. Haiandiki juu ya data ya zamani. Badiliko huenda kwenye bloku mpya (kipande cha data), na kila bloku ina namba ya muamala, yaani awamu ya uandishi, ulioizaa. Ukiwa na snapshoti (hali ya data iliyogandishwa wakati fulani) ya wiki iliyopita na ya leo, amri ya zfs send -i, inayotuma mabadiliko tu, inashuka kwenye mti wa bloku, na tawi lote ambalo halijaguswa tangu wiki iliyopita inaliruka zima zima. Muda wa kusubiri unafuata ulichobadilisha, si ulichonacho. Jumatatu hii GB 60 mpya zimechukua kama dakika kumi. Ukibadili jina la folda, zinakwenda kilobaiti chache tu.

Kuna sharti moja: snapshoti unayoanzia lazima iwepo pande zote mbili. Mwezi wa pili nilifuta snapshoti za zamani nipate nafasi, nikaifuta na hiyo. Ikabidi nitume terabaiti zote upya, usiku kucha, roho juu umeme usikatike. Siku hizi snapshoti ya mwisho naifunga kwa zfs hold, haifutiki mpaka niiachie. Kupokea nako natumia zfs receive -s, ili umeme ukikatika katikati niendelee pale pale nilipoishia.

Kinachonikera ni kwamba Windows haiisomi eksteno hii ya ZFS, na kompyuta ya dada ni ya Windows. Nimemwachia flashi yenye Ubuntu niliyoiwekea ZFS kabisa, imefungwa kwa mpira pamoja na waya wa eksteno.