Fedha za umma kwa kiwanja cha baiskeli Moshi: mifuko mitatu na kasoro zake

Kikundi cha baiskeli kinachotaka kuboresha kiwanja chake, kiwe Pasua, Njoro au Rau, kina mifuko mitatu ya kuombea: mkopo wa asilimia 10, Mfuko wa Jimbo na bajeti ya kawaida ya Manispaa. Huduma hizi hazilingani, na vikundi vingi hukwama kwa kupeleka ombi kusikohusika.

Kwanza ardhi. Afisa mipango miji atafungua ramani, na kama eneo lilitengwa kwa ajili ya soko au shule, safari imeishia hapo. Pateni barua inayosema ni eneo la wazi au la michezo. Jambo lingine: njia ya baiskeli pembeni mwa barabara ya mtaa haijengwi na Manispaa. Tangu 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu ya kwenda Arusha ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Ombi la namna hiyo likipelekwa kwa mkurugenzi wa Manispaa litazunguka mezani tu.

Mkopo wa asilimia 10 ndio unaojulikana zaidi. Unatokana na mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisitishwa Aprili 2023, ukarejeshwa 2024. Ni huduma nzuri, ila si ya kujengea kiwanja, kwa sababu kiwanja hakiingizi marejesho. Uombeni kwa ajili ya karakana iliyo pembeni mwa kiwanja. Maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: usajili, katiba, akaunti ya benki, muhtasari wa kikao, andiko la mradi. Andiko linalozungumzia "kukuza vipaji" halifiki mbali. Linaloeleweka ni lile lenye bei ya kuziba pancha, kunyoosha rimu na kukodisha baiskeli kwa saa, na linaloonyesha kila mwezi mtarejesha kiasi gani hata biashara ikilala wakati wa mvua.

Mfuko wa Jimbo uliwekwa kwa sheria ya 2009, na kamati yake huongozwa na mbunge. Kazi yake ni kuchochea, maana yake wananchi wawe wameshaanza. Pelekeni picha za mitaro iliyochimbwa na tripu za moramu (udongo wenye changarawe) zilizomwagwa, kisha ombeni kilichobaki: saruji, nondo, mabomba. Kwa kazi ndogo iliyoanza, huu ndio mfuko ninaoupa alama za juu.

Bajeti ya Manispaa ina njia ndefu: mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, wataalamu, kisha Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo hoja iwe kwenye muhtasari wa mtaa kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Hoja ya Machi imechelewa, itasubiri mzunguko mwingine. Manunuzi nayo yanapitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na duka la vifaa ambalo halijasajiliwa humo haliuzi hata mfuko mmoja wa saruji, liwe jirani kiasi gani.

Udhaifu mkubwa wa bajeti ni msimu. Mwaka unafungwa Juni 30, fedha za maendeleo hutoka kwa mafungu, na mara nyingi fungu la maana linafika kati ya Aprili na Juni, masika yakiwa yamekolea. Udongo mwekundu wa Moshi ukilowa haushindiliki, unageuka tope, ukikauka unapasuka. Tuta la kupitishia baiskeli lililojengwa Aprili litapendeza siku ya makabidhiano, kisha maji yatakula mgongo wake. Ndiyo maana kwenye bajeti ombeni kazi zisizotegemea udongo mkavu: stendi za kuegeshea baiskeli, kalavati, mitaro ya mawe. Matuta yabaki kazi ya kikundi, Julai hadi Septemba. Miezi hiyo udongo ni vumbi, kwa hiyo unyunyizieni maji hadi ukifinywa kiganjani ushikane bila kuchuruza. Shindilieni kwa tabaka za sentimita 15. Tuta la sentimita 30 linataka mita 3 hivi kutoka kilele hadi kilele. Mkisogeza karibu zaidi, baiskeli inagonga badala ya kuteleza. Njia tambarare ipewe mteremko wa asilimia 2 kuelekea mtaroni, la sivyo kila bonde kati ya matuta litakuwa dimbwi.

Kabla makadirio ya gharama hayajasainiwa, someni mstari wa stendi. Ile ya kuchomeka gurudumu la mbele ni rahisi kuchomelea, lakini baiskeli ikiangushwa rimu inapinda, na kufuli haifiki kwenye fremu. Takeni ya U iliyopinduliwa: bomba la inchi moja na nusu, urefu wa sentimita 80 juu ya ardhi, miguu sentimita 30 ndani ya zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja kati ya stendi na stendi. Mfuko wowote kati ya hiyo mitatu, msitarajie fedha za matengenezo. Ada ya karakana ndiyo itakayonunua moramu ya kurudishia kila baada ya masika.

Kuhusu karakana, orodha ya vifaa isiandikwe "spoku, katoni" basi. Baiskeli kubwa za inchi 28 nyingi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, za milimani mara nyingi 36, na urefu wake haufanani. Tenganisheni pia tyubu za inchi 26 na 28, na vali nene na nyembamba, maana mzabuni ataleta zilizo rahisi kupatikana na mtasaini kuzipokea.