Bomba la shaba la pikipiki yangu ya FN: uzoefu wangu na fundi wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Kama una pikipiki ya zamani na kati ya tangi na kabureta umefunga kile kimpira cheupe cha plastiki kinachouzwa kwa mita, kitoe. Kikiwa kipya kinapendeza, unaona esansi (petroli) inavyoshuka. Lakini esansi hiyohiyo inafyonza ulaini wa plastiki: kinageuka njano, kinakauka, kinasinyaa, kisha kinapasuka pale pale kwenye kibanio, juu ya silinda yenye moto. Nimeshaona pikipiki nzuri ikiungua kwa sababu hiyo, na bado inaniuma.

Yangu ni FN M13 ya miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. FN ni kampuni ya Herstal, Ubelgiji, mji uleule uliotoa pikipiki za Saroléa na Gillet, na iliacha kutengeneza pikipiki miaka ya 1960. Huwezi kuingia dukani hapa ukaomba bomba lake la mafuta. Kwa yangu nilitaka shaba, kama ilivyotoka kiwandani, na mafundi wa pikipiki niliowauliza wote walinirudisha kwenye mpira.

Aliyenitengenezea ni fundi wa friji, kwenye komini ya Kenya, sehemu ya jiji hapa Lubumbashi. Ukifikiri, ndiye mtu hasa. Bomba la shaba la robo inchi, yaani milimita 6.35 kwa nje, analo siku zote, limekunjwa kwenye roli, na kulehemu kwa madini ya fedha ndiyo kazi yake ya kila siku. Nilimpelekea mabaki ya bomba la zamani, nati mbili na ile pikipiki yenyewe. Msimpelekee kipimo cha karatasi. Bomba linapita karibu na fremu, na sentimita moja ikikosewa litasuguana nayo hadi litoboke.

Alijaza bomba mchanga mkavu, mwembamba, akaziba ncha zote mbili, akalipinda taratibu kwenye gogo la mti ili lisibonyee. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke unaweza kulipasua bomba likipata moto likiwa bado limezibwa, kwa hiyo aliukaanga kwanza. Baada ya kulipinda ndipo alipofanya kitu ambacho wengi wanakiruka.

“Yaya, hii shaba ukishaipinda inakasirika,” aliniambia (yaya kwetu ni ndugu mkubwa). “Lazima uitulize.”

Alimwaga mchanga, akalipasha bomba hadi likawa jekundu hafifu, akalitumbukiza kwenye maji. Chuma ukikifanyia hivyo kinaweza kuwa kigumu, shaba inalainika. Na mtikisiko wa injini ya silinda moja unaikaza tena kidogo kidogo kila unapoendesha, mpaka siku inapokatika karibu na nati. Kwa hiyo kila ukifungua injini kwa ukarabati mkubwa, lilainishe bomba upya.

Kingine nilichokipenda ni lile pindo la mduara alilolifanya kabla ya kabureta. Si pambo. Ndilo linalomeza mtikisiko, na alilizungusha likishuka kama ngazi ya mnara, kwa sababu FN haina pampu: esansi inateremka kwa uzito wake tu. Mahali popote bomba linapopanda kisha kushuka, hewa inaweza kujificha na injini ikazimika mlimani. Pia alilipitisha mbali na mapezi ya kupozea silinda ili esansi isichemke.

Vichwa vya koni vya ncha zote mbili ni vya shaba ya njano, vimelehemiwa kwa fedha, ambayo inahitaji zaidi ya digrii 600 kuyeyuka. Wapo wanaotumia bati. Bati linayeyuka kwenye digrii mia mbili hivi, na sitaki kiungo cha namna hiyo karibu na injini. Mwisho aliziba ncha moja, akapuliza kwa pampu ya baiskeli bomba likiwa ndani ya ndoo ya maji. Hakuna povu hata moja.

Kasoro zipo. Aliahidi mapema akachelewa sana, kwa sababu friji za wateja wanaouza nyama zinatangulia. Nje aliacha weusi wa moto, nikausafisha mwenyewe kwa ndimu na chumvi. Na hakulisuuza vya kutosha: nilipopitisha esansi kwenye chupa kabla ya kulifunga, chembe za mchanga zilitoka. Chembe moja inatosha kuziba kitundu cha kabureta, basi suuzeni, mpulize, msuuze tena. Hilo namkatia alama.

Jueni pia kwamba shaba inaharakisha esansi kugeuka gundi ikilala muda mrefu. Pikipiki ikikaa miezi bila kutembea, funga robine (koki ya tangi) na uimwage iliyobaki ndani ya bomba.

Nililipa dola 25, shaba yake, koni zake. Kwa tangi lenye robine mbili atadai zaidi kwa ajili ya tawi la pili, na ana haki. Sharti moja tu mkiagiza: hakikisheni nati zote mbili zimevishwa kwenye bomba kabla hajalehemu koni ya mwisho, maana baada ya hapo haziingii tena.