Papa au mamba: ipi utazame kwanza?

Zote mbili ni filamu za bajeti ndogo, na zote zimetumia mnyama wa kweli, si dude la kuchorwa kwa kompyuta.

Open Water (2003), ya Chris Kentis, inaanzia kwenye kosa dogo la hesabu. Boti ya wapiga mbizi inahesabu watu vibaya, inaondoka, na wapenzi wawili wanabaki wanaelea katikati ya bahari. Anayepeleka wageni kupiga mbizi kwenye visiwa vya Mnemba au Misali huku Zanzibar, roho itamruka hapo hapo, hata kabla papa hawajatokea. Na wakitokea ni papa hasa, waigizaji wamo nao majini kule Bahamas. Picha ni za kamera ya dijitali ya kawaida, wala si nzuri, lakini ubaya huo ndio unaokufanya uamini. Kisa kimetokana na tukio la kweli la Australia, mwaka 1998.

Black Water (2007), ya Andrew Traucki na David Nerlich, ni ya mamba. Watu wamekwama juu ya mti kwenye mikoko, naye yuko chini anasubiri. Mpemba hahitaji kuelezwa tope la mikoko lilivyo. Picha zake safi zaidi, ila katikati inalegea. Kukaa mtini nako kuna mwisho wake.

Mie nachagua ya papa, bila kusita. Lakini kama asubuhi una safari ya boti kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, anza na ya mamba.