Thaleri ya Garter, Saxony 1671: heri ya kijivu kuliko inayong'aa

Anayetaka sura ya mtawala asipoteze fedha yake hapa. Johann Georg II, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, aliitoa thaleri hii, yaani sarafu kubwa ya fedha ya Kijerumani, baada ya kupokewa katika Nishani ya Garter, heshima ya juu ya wapiganaji wa farasi ya Uingereza, lakini uso wake haumo. Upande mmoja Mtakatifu George, juu ya farasi, anaua joka. Upande wa pili ni maandishi tu, yakimtukuza Charles II, mfalme wa Uingereza na mkuu wa nishani hiyo. Fedha ya Kijerumani, maneno ya Kifaransa, heshima ya Mwingereza: utamu wake uko hapo. Jina la nishani limeandikwa IARTIERE, kwa I mahali pa J, na mwaka uko chini kwa tarakimu za Kirumi, MDCLXXI.

Thaleri kamili ya wakati ule ina takriban gramu 29, na fedha sehemu 889 kwa 1,000. Riale ya Maria Theresa, iliyozunguka sana pwani yetu, ni ndugu yake mdogo: gramu 28.07, fedha 833.

Kuipima, weka glasi ya maji juu ya mizani ya sonara, irudishe sifuri, kisha izamishe sarafu kwa uzi mwembamba bila kugusa glasi. Mizani isome karibu gramu 2.8. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Jibu liwe 10.3 hivi. Likishuka hadi 9, hiyo ni shaba iliyopakwa fedha. Likitimia, usishangilie bado, maana nakala ya fedha halisi iliyomiminwa kwenye kalibu hupita mtihani huu bila shida. Chukua kioo cha kukuza mara 10: vitundu kama vya sindano kati ya herufi, herufi zenye kingo butu, au mshono ukingoni, vyote vinaikataa.

Kasoro inayofichwa zaidi ni alama ya kishikio, yaani kitanzi kilicholehemiwa ukingoni ili sarafu itundikwe. Sarafu kama hizi watu walizivaa, na kishikio kikishang'olewa, lehemu hupigwa tupa. Zungusha ukingo wote polepole, hasa juu ya kichwa cha George. Sehemu bapa au yenye rangi tofauti inapunguza bei sana, hata muuzaji akiiita "alama ndogo". Mabaki ya dhahabu kwenye mizizi ya herufi nayo yanasema ilikuwa pambo.

Inayong'aa kama kijiko imesuguliwa. Chagua ya kijivu, usiipake dawa ya meno wala magadi, na usiiweke kwenye mfuko wa plastiki laini ya PVC. Utomvu wa kijani utaila.